Somo la Umeme Tuli Lisiishie Ubaoni

Tangu mwaka 2010 kisiwa cha Pemba kinapata umeme wake kutoka Tanga, kwa kebo ya msongo wa kilovolti 33 iliyolazwa chini ya bahari kwa umbali wa karibu kilomita 78. Kabla ya hapo Wapemba walitegemea majenereta ya dizeli, na kila mmoja wetu anakumbuka hali ilivyokuwa. Umeme huo hauanzii Tanga mjini. Nyuma yake iko njia ya kilovolti 132 itokayo Hale, wilayani Korogwe, ambako maji ya mto Pangani yamekuwa yakigeuzwa kuwa umeme tangu miaka ya 1960. Kwa hiyo taa ya Wete au Mkoani ina ujirani wa karibu na nguzo zinazokatiza mashamba ya mkonge ya Korogwe, hata kama mwenye taa hajapata kufika huko.

Leo tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wetu wakaliona kuwa ni la walimu peke yao. Nalo ni somo la umeme tuli katika shule zetu za sekondari, hususan ile sehemu inayohusu potenshali na kapasitansi. Mtoto hukutana nalo mapema katika sekondari, anapofundishwa chaji, vipitishi na vihami, kapasita na kinga radi. Akibahatika kufika kidato cha tano na sita hukutana nalo tena, safari hii likiwa limevaa hesabu. Tunadiriki kusema kwamba katika Fizikia yote ya sekondari hakuna mada inayokaririwa sana na kueleweka kidogo kama hii. Muulize mwanafunzi kapasitansi ni nini, atakujibu bila kusita kwamba ni chaji gawanya kwa volti. Muulize kitu hicho kinapatikana wapi katika kijiji chao, atanyamaza.

Hatusemi haya kwa nia ya kuwalaumu walimu. Mwalimu mwenye vipindi vingi, darasa lililojaa na kabati tupu la maabara hana budi kushika chaki. Tatizo ni kwamba chaki imekubaliwa kuwa inatosha, wakati vielelezo vya somo hili vimelala nje ya mlango wa darasa, na huko Handeni na Korogwe vimelala kwa wingi kuliko mahali pengi nchini.

Tuanze na potenshali. Neno lenyewe linatisha, lakini anayeishi kando ya mto Pangani hana sababu ya kuliogopa. Maji yaliyo juu ya maporomoko yana uwezo wa kufanya kazi ambao maji yaliyo chini hayana. Yule anayesimama Hale na kutazama maji yanavyoporomoka haulizi tu kuna maji kiasi gani; anauliza pia yanashuka kutoka kimo gani. Chaji ni maji, potenshali ni kimo. Chaji haitembei kwa sababu ipo nyingi mahali fulani, bali kwa sababu kuna tofauti ya kimo baina ya mahali na mahali. Ndiyo maana ndege hutua juu ya waya wa msongo mkubwa na kuruka zake salama: miguu yake yote miwili iko kwenye kimo kimoja. Na ndiyo maana mtu anayeugusa waya ule ule huku amesimama juu ya ardhi hufa.

Kapasitansi nayo ni upana wa chombo. Mimina ndoo moja ya maji katika mtungi mwembamba, yatapanda hadi shingoni. Mimina ndoo hiyo hiyo katika sinia la chuma, hayatapita kifundo cha mguu. Chombo kipana hupokea maji mengi kwa kupanda kidogo. Kapasita yenye kapasitansi kubwa hupokea chaji nyingi bila msongo wake kupanda sana. Mwalimu aliyekwisha kusema hivyo anaweza sasa kuandika Q = CV ubaoni, na herufi hizo tatu zitakuwa na mahali pa kukaa katika akili ya mtoto.

Sasa turejee kwenye kebo ya Pemba, kwani hapa ndipo hoja yetu inapogusa mifuko na usalama wa watu wa visiwani. Kapasita ni vipitishi viwili vilivyotengwa na kihami. Hebu tuitazame kebo ya baharini: katikati mna waya wa kupitisha umeme, unaozungukwa na tabaka la plastiki ngumu, na nje ya tabaka hilo mna ala ya chuma iliyoungwa na ardhi. Kipitishi, kihami, kipitishi. Kebo yote, kutoka pwani ya Tanga hadi pwani ya Pemba, ni kapasita moja ndefu iliyolala mchangani. Kabla haijamfikishia mtu umeme, haina budi ijazwe yenyewe kwanza. Na kwa kuwa umeme wetu hugeuka mwelekeo, kujazwa huko hurudiwa upande huu na upande ule mara 50 katika kila sekunde.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kilovolti 33 ni tofauti baina ya waya na waya. Baina ya kila waya na ala yake ni kama volti 19,000. Tukikadiria kwamba kila kilomita ya kebo ya namna hiyo ina kapasitansi ya maikrofaradi 0.2, basi kilomita 78 zitakuwa na maikrofaradi 15.6. Mwanafunzi wa kidato cha sita anaweza kukokotoa kwamba mkondo wa kuijaza na kuimwaga kebo hiyo ni zaidi ya ampea 90 katika kila waya, hata pale ambapo hakuna taa moja iliyowashwa Chake Chake. Mkondo huo haumuuzii mtu umeme, lakini unachukua nafasi yake ndani ya waya na unahitaji mitambo ya kuusawazisha. Kadiri kebo inavyorefuka ndivyo sehemu hiyo inavyokua, na ndiyo sababu mataifa yanayovusha umeme baharini kwa mamia ya kilomita hutumia umeme usiogeuka mwelekeo. Mambo haya hujadiliwa katika ofisi za wakubwa kwa lugha ya mikataba na mikopo. Mzizi wake ni mada ya darasani.

Wasomaji wetu wa Unguja hawahitaji kukumbushwa thamani ya kebo. Ile ya kwanza, ya kilovolti 132, ilivushwa kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba mwaka 1980. Mwaka 2008 njia hiyo ilipopata hitilafu kisiwa kilikaa gizani kwa muda wa karibu mwezi mzima, na giza lilirudi tena Desemba 2009 na kudumu hadi Machi 2010. Maji yalikosekana mabombani kwa sababu pampu hazikuwa na umeme, hoteli zikaendeshwa kwa jenereta, samaki wakaharibika. Kebo ya pili iliwekwa mwaka 2013. Katika siku zile ngumu watu wengi walijua kulalamika, nasi tulikuwa miongoni mwao, lakini wachache waliweza kueleza kwa nini kihami kinaweza kushindwa na msongo, au kwa nini mafundi hawawezi kuigusa kebo mara tu swichi inapozimwa.

Jambo hili la mwisho linastahili kukaziwa, maana linaua. Kapasita haisahau. Ukizima umeme, chaji iliyobaki ndani hubaki hadi ipatiwe njia ya kutoka. Kwa mfano wetu wa hapo juu, waya mmoja wa kebo uliokatwa msongo ukiwa kileleni unaweza kubakiwa na jouli kama 5,700, sawa na nguvu ya mkwezi wa kilo 58 anayeanguka kutoka mnazi wa mita 10. Ndiyo maana kanuni ya kazi hiyo ni kuiunga kebo na ardhi kwanza, kisha kuishika. Na hatari hiyo haiko baharini tu. Vijana wetu wanaofungua televisheni za zamani zenye tyubu kwenye vibanda vya Korogwe mjini au Mkata wanashika vitu vinavyoweza kubaki na maelfu ya volti baada ya plagi kung'olewa. Tanuri la maikrowevu ni hivyo hivyo. Kijana aliyefaulu swali la Q = CV katika mtihani, kisha akatia bisibisi ndani ya kifaa kama hicho bila kukitoa chaji kwanza, hakufundishwa; alikaririshwa.

Tena kapasita si mgeni majumbani. Feni ya darini inayovuma bila kuzunguka mpaka isukumwe kwa mkono, mara nyingi kilichokufa ndani yake ni kapasita. Kila fundi wa mtaani analijua hilo. Tungependa na mwanafunzi alijue.

Tuje kwenye radi. Lugha yetu ina busara moja ambayo hatujaona ikitajwa vya kutosha: neno umeme lilikuwa la mbinguni kabla halijawa la waya. Wazungu walihitaji majaribio ya kina Benjamin Franklin, mwaka 1752, kuthibitisha kwamba kinachomulika mawinguni na kinachotoka kwenye kitu kilichosuguliwa ni kitu kimoja. Sisi umeme wa waya ulipofika tuliupa jina la ule wa mbinguni, na tukawa sahihi. Wingu la mvua na ardhi iliyo chini yake ni mabamba mawili ya kapasita, hewa ikiwa kihami baina yake. Tofauti ya potenshali hufikia mamilioni ya volti, kihami hushindwa, na mkondo wa maelfu ya ampea hushuka kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho.

Januari 2025 wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe katika Mkoa wa Geita, walikufa kwa radi wakiwa shuleni. Taifa lilihuzunika, rambirambi zikatolewa. Twajua kwamba kanda ya Ziwa hupigwa na radi kuliko pwani, lakini hakuna wilaya ya nchi hii iliyopewa hati ya kusalimika. Handeni na Korogwe zina majengo mengi ya shule yaliyo peke yake juu ya vilima, yenye mabati juu na miti mirefu pembeni, na masika na vuli hazipiti bila ngurumo.

Hapa nako potenshali inaeleza mambo ambayo watu wamezoea kuyatupia wachawi. Kwa nini radi moja huua ng'ombe kadhaa waliokusanyika chini ya mti, na mchungaji aliyekuwa hatua chache kutoka hapo akapona? Mkondo unapoingia ardhini, potenshali huwa kubwa pale ulipoingilia na hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Ng'ombe miguu yake ya mbele na ya nyuma imetengana zaidi ya mita moja, kwa hiyo miguu ile miwili iko kwenye vimo viwili tofauti, na moyo uko katikati ya njia. Mtu aliyesimama miguu imekutana ana nafasi zaidi ya kuokoka. Wafugaji wa Handeni wanayo haki ya kuelezwa hivyo na watoto wao wanaosoma sekondari. Mtoto akiweza kumweleza baba yake kwamba ng'ombe hawakurogwa, basi kodi iliyolipia shule hiyo imefanya kazi.

Kuhusu kinga radi, tunawaomba wahusika wasidhani kwamba fimbo ya shaba juu ya paa ndiyo mwisho wa kazi. Fimbo isiyofika vizuri ardhini ni afadhali isiwepo. Umuhimu uko kwenye athi, yaani pale shaba inapokutana na udongo. Na udongo mkavu haupitishi umeme ipasavyo. Katika ardhi kama ya Handeni, ambayo ukame wake unajulikana na kila afisa aliyewahi kugawa mahindi ya njaa, athi iliyopimwa wakati wa masika huenda ikawa haifai kitu mwishoni mwa kiangazi, na mvua za kwanza za vuli huja na radi zake kabla udongo haujalowa hadi chini. Mafundi wa zamani walifukia mkaa na chumvi kuzunguka bamba la athi ili kuufanya udongo ushike unyevu. Chimbo lipelekwe chini hadi penye unyevu wa kudumu, na athi ipimwe kila mwaka udongo ukiwa katika hali yake mbaya kabisa. Kazi ya kupima inaweza kufanywa na fundi mbele ya wanafunzi. Hilo nalo ni somo.

Tumesikia hoja kwamba majaribio ya umeme tuli hayafanyiki katika nchi yetu kwa kukosa vifaa na kwa sababu hewa yetu haifai. Hoja ya pili ina ukweli ndani yake. Vitabu tulivyorithi viliandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako hewa ya ndani wakati wa kipupwe ni kavu na chaji hudumu juu ya fimbo iliyosuguliwa. Tanga mjini au Pemba wakati wa masika, unyevu hujipaka juu ya kila kihami na chaji hutoroka kabla mwalimu hajamaliza sentensi. Vipande vya karatasi havisogei, darasa linacheka, mwalimu anarudi ubaoni. Lakini Handeni saa saba mchana mwezi wa Februari si Pemba. Huko hewa ni kavu vya kutosha, na hata pwani vifaa vikianikwa juani au vikikaushwa kwa joto la jiko la mkaa hutii. Ratiba ya somo ifuate hali ya hewa ya mahali, kama mkulima anavyofuata mvua, badala ya kufuata mpangilio wa sura za kitabu.

Ama vifaa, chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kipande cha waya wa shaba, kizibo kikavu na vijikaratasi viwili vya aluminiamu vinatosha kutengeneza elektroskopu. Kipande cha bomba la plastiki na kitambaa cha sufu vitatoa chaji. Tusisahau kwamba kapasita ya kwanza duniani, iliyogunduliwa na Kleist huko Prussia na Musschenbroek huko Leiden, Uholanzi, baina ya 1745 na 1746, ilikuwa chupa ya maji yenye msumari.

Na kwa madarasa ya juu, redio mbovu zimejaa nchi nzima. Kapasita ya maikrofaradi 1,000 ikijazwa kwa betri chache za tochi, kisha ikamwagwa kupitia ukinzani wa kiloomu 100, msongo wake hushuka hadi kiasi cha asilimia 37 katika sekunde 100. Huo ni muda mrefu wa kutosha kwa wanafunzi watatu kusoma mita, kutazama saa ya simu na kuandika. Hawatahitaji tena kuambiwa waamini.

Linabaki suala la mtihani, ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote. Baraza la Mitihani la Tanzania ndilo linalomtahini mtoto wa kidato cha nne wa Handeni na wa Mkoani kwa karatasi moja. Katika mtihani wa vitendo wa Fizikia, mtahiniwa kwa kawaida hupewa pendulamu, springi, kioo au mche, na sakiti ya umeme wa mkondo. Umeme tuli huachiwa karatasi ya nadharia. Mwalimu si mjinga. Hufundisha kwa mikono kile kitakachotahiniwa kwa mikono. Siku swali la kuijaza na kuimwaga kapasita litakapotokea katika chumba cha mtihani wa vitendo, maabara zote kutoka Kideleko hadi Wete zitatafuta kapasita kabla ya mwezi kwisha. Mitaala iliyoboreshwa imeanza kutekelezwa tangu Januari 2024 na inasisitiza ujuzi. Basi watunga mitihani wasibaki nyuma ya mitaala.

Tungependa pia kusema neno juu ya lugha, ijapokuwa tunajua kwamba mjadala huo ni mrefu na umechosha wengi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Istilahi zipo. Hata pale ambapo sheria ya darasa inataka Kiingereza, hakuna sheria inayomkataza mwalimu kueleza kimo cha maji ya Pangani kwa lugha ambayo mtoto alimsikia nayo bibi yake akieleza radi.

Wakuu wa elimu wa Mkoa wa Tanga na wa Pemba wanaweza kuanza na jambo lisilohitaji bajeti mpya. Shirika la Umeme Tanzania na Shirika la Umeme Zanzibar wanazo sehemu ambazo kila mwanafunzi wa Fizikia angepaswa kuziona: mitambo ya Hale, vituo vya kupozea umeme, na pale kebo inapotoka baharini. Kutoka Handeni hadi Hale kwa kupitia Korogwe na Segera ni safari ya kwenda na kurudi siku moja kwa barabara ya lami. Milango ya vituo hivyo imefungwa kwa sababu nzuri za usalama, lakini inaweza kufunguliwa kwa utaratibu, na mhandisi mmoja akatoa saa mbili za siku yake. Walimu wanafunzi wa Chuo cha Ualimu Korogwe, ambao karibu wote watapelekwa katika shule zisizo na maabara kamili, wawe wa kwanza kupelekwa.

Vuli huanza Oktoba. Kabla ya hapo tungependa kuona halmashauri za Handeni na Korogwe, na zile za kisiwani Pemba, zikitangaza shule zipi zina kinga radi, zipi hazina, na athi ya kila moja imepimwa lini.